Vita vya Jangwani Afrika Kaskazini, 1940–1943: Kwanza Mafuta, Kisha Vifaru

Wengi wakitajiwa vita vya Libya na Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hukumbuka Rommel, jenerali wa Ujerumani, Montgomery, jenerali wa Uingereza, na vifaru vyao. Sisi tunaofundisha historia ya vita tungependa msomaji aanze na lori. Jangwani hakuna shamba wala kisima cha kutegemea. Kila lita ya maji na petroli lazima iletwe. Kutoka Tripoli, bandari kuu ya Wajerumani na Waitaliano, hadi Benghazi peke yake ni kama kilomita 1,000, na lori lenyewe linakula mafuta njia nzima.

Waingereza walibeba petroli kwa madebe ya bati jembamba, galoni 4 kila moja. Lori likirushwarushwa kwenye mawe, maungio yaliachia na mafuta yakaishia mchangani. Wajerumani walikuwa na dumu la chuma la lita 20. Juu lina mishikio mitatu, kwa hiyo watu wawili wanaweza kulishika pamoja likiwa limejaa, na mtu mmoja akachukua mawili matupu kwa mkono mmoja. Kifuniko hufungwa bila spana, na hewa iliyobaki ndani hulifanya lielee majini. Waingereza waliyachukua kila walipoyateka, kisha wakatengeneza ya kwao kwa kuiga.

Mbinu za mapigano nazo zilibadilika kwa gharama kubwa ya damu. Juni 1941, kwenye njia ya mlima ya Halfaya, vifaru vya Uingereza vilisonga mbele waziwazi vikakutana na mizinga ya milimita 88, iliyoundwa kutungulia ndege lakini ikafukiwa mchangani kuvisubiri. Mizinga midogo ya vifaru hivyo haikuwa na makombora ya mlipuko ya kuwanyamazisha wapigaji. Ikabidi vifaru, mizinga ya nyuma na askari wa miguu wajifunze kwenda pamoja.

El Alamein, nchini Misri, Oktoba 1942, hapakuwa na ubavu wa kuzunguka: kaskazini bahari, kusini bonde la Qattara. Waingereza walificha vifaru chini ya maturubai vikaonekana malori, na wahandisi wao wakatangulia usiku kutegua mabomu ya ardhini. Tarehe 26 Proserpina, meli iliyokuwa ikimletea Rommel mafuta, ilishambuliwa karibu na bandari ya Tobruk, Libya. Rommel aliporudi nyuma Novemba, askari wengi wa miguu wa Italia upande wa kusini waliachwa bila malori wala maji, wakatekwa.