Besi haisikiki? Niletee na boksi la spika

Jumatatu ni siku ya majeruhi. Kwaya zimeimba Jumapili nzima, na asubuhi yake vyombo vinaletwa mezani kwangu hapa Majengo, Dodoma, kwa bodaboda na bajaji, vingine bado vina vumbi la uwanjani. Wapiga besi, lile gitaa la sauti za chini, ndio wanaoongoza kwa kujipima wenyewe na kujiandikia dawa. Mtu hajaketi bado, ameshasema: "Fundi, nifungie pikapu mpya, besi yangu haina nguvu."

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe. Pikapu ninayoizungumzia ni ile sumaku yenye koili ya waya mwembamba wa shaba, inayokaa chini ya nyuzi za gitaa. Niliwahi kumwambia mtu wa mizigo pale stendi ya Nanenane kwamba nasubiri pikapu mbili kutoka Dar, akaniuliza ni za tani ngapi.

Sasa kuna kijana wa kwaya moja ya Chang'ombe alikuja na mzee anayetunza vyombo vyao. Mzee alitusalimu "Mbukwenyi", akavuta stuli, akamwachia kijana maelezo. Gitaa ni la mtindo wa Precision, besi maarufu ya kampuni ya Fender, wanakwaya wamechanga, wanataka pikapu za bei. Nikaomba waniletee na boksi la spika.

"Boksi halina shida, kaka, linalia vizuri tu."

Mzee akasema litaletwa, na jioni likaletwa. Ndani kulikuwa na spika mbili za inchi 10, kila moja ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zimefungwa sambamba, kwa hiyo amplifaya inaona omu 4. Mita ilisoma karibu 3, nikaridhika. (Usishtuke: mita hupima ukinzani wa waya wa koili peke yake, ndiyo maana spika ya omu 8 husoma kama 6.) Kisha nikachukua betri ya tochi ya volti 1.5 nikaigusisha kwenye nyaya za boksi. Spika moja ikaruka mbele, nyingine ikarudi nyuma.

Basi tatizo lilikuwa hilo. Kuna fundi alibadilisha spika moja akageuza chanya na hasi. Huyu anasukuma hewa, mwenzake anaivuta. Sauti za juu hupona kwa kiasi fulani, lakini za chini zinauana palepale mbele ya boksi. Nikageuza nyaya mbili, kazi ya dakika kumi. Kijana alipogusa uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kopo langu la skrubu lilianza kutembea mezani.

Ndiyo sababu naanzia mwisho wa njia. Uzi wa E wa besi ukiachwa wazi hutikisika mara 41 kwa sekunde. B ya besi ya nyuzi tano, karibu mara 31. Pikapu kazi yake ni kuipeleka hiyo taarifa tu. Anayebeba mzigo ni spika, maana ndiyo inayosukuma hewa, na kama haiwezi, hata pikapu ya dhahabu haitakusaidia.

Ukienda Kariakoo kununua spika, muuzaji atakuimbia wati. Wati zilizoandikwa mgongoni zinasema spika itavumilia kiasi gani kabla ya kuungua. Hazisemi italia kiasi gani. Uliza usikivu wake, yaani inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ikipewa wati 1 na kupimwa umbali wa mita 1. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati za amplifaya mara mbili. Toa spika ya desibeli 93, weka ya 96, na amplifaya yako ya wati 150 itasikika kama ya 300 bila kuigusa. Kwa mkutano wa injili wa wazi, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, tofauti hiyo inasikika hadi barabarani.

Na usiweke spika ya gitaa la solo kwenye boksi la besi kwa sababu tu matundu ya skrubu yamelingana. Koni yake imeumbwa kwa mwendo mfupi. Ukiilazimisha kwenye noti za chini, koili inatoka kwenye njia yake, inaanza kukwaruza, halafu unasikia harufu ambayo kila fundi anaijua. Boksi nalo lina kauli yake. Neville Thiele na Richard Small, waliofanya utafiti wao Australia, ndio waliotupa hesabu za kuoanisha spika na ujazo wa boksi pamoja na tundu lake la hewa. Wapiga zeze wa Kigogo wangewaelewa haraka: nyuzi ni zilezile, ukibadilisha kibuyu umebadilisha zeze.

Kwenye omu sitaki mzaha. Amplifaya ya transista iliyoandikwa mwisho omu 4, ukiipa 2 itavuta mkondo kupita uwezo wake na kuchemka. Angalia boksi kubwa la kampuni ya Ampeg lenye spika nane za inchi 10. Kila spika ni ya omu 32, nane sambamba zinakuwa 4. Sasa moja iungue, mtu aweke ya omu 8 aliyoiona dukani. Jumla inashuka hadi karibu 3, na ile mgeni inabeba mara nne ya mzigo wa kila mwenzake. Itakufa yenyewe, pengine na amplifaya.

Kwa wanaoishi huku kwetu, kuna adui mwingine: vumbi. Likiingia kwenye ule mwanya mwembamba kati ya koili na sumaku, spika inakwaruza kama imeungua. Weka vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, ibonyeze polepole na kwa usawa. Ukisikia mchanga, umeshajua.

Pikapu sizidharau. Ila kabla ya kununua, shika bisibisi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti (vile vyuma vya shingoni) ya mwisho, upime nafasi hadi kwenye sumaku: milimita 2.8 hivi upande wa E na 2 upande wa G, uzi mwembamba kuliko wote, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukiiinua mno, sumaku inauvuta uzi na noti inayumba. Wengi huishia hapo, wanaondoka na fedha zao.

Kama gitaa linakoroma karibu na nyaya za umeme, sikiliza ni la aina gani. Precision ya tangu 1957 ina koili mbili zilizosukwa kinyume, kwa hiyo mkoromo unajifuta. Likikoroma sana, tafuta kwanza waya wa ardhi unaokwenda kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, mara nyingi umekatika. Jazz, besi nyingine ya Fender iliyotoka 1960, ina pikapu mbili, na mkoromo unatulia pale tu volyumu zote mbili zikiwa sawa. Ukifunga mpya, ukawasha zote mbili na sauti ikawa nyembamba kama ya redio ndogo, geuza nyaya za mojawapo.

Kosa langu mwenyewe nalikumbuka. Nilimfungia mteja pikapu za betri, zile za volti 9, nikaacha volyumu zake za zamani za kiloomu 250. Kitufe kikawa kama swichi ya taa, ama kimya ama kelele. Zilitakiwa za kiloomu 25. Nilirudia kazi bila kumtoza, nikabadilisha na tundu la jeki, maana la pikapu za betri linahitaji miguu mitatu ili betri izimike ukichomoa waya. Asiyechomoa, betri inamfia kabatini.

Kijana wa Chang'ombe bado ananipigia simu kuulizia pikapu. Fedha hana. Mzee alizirudisha kwa mhazini, akabakiza za nyuzi mpya na turubai la kufunikia boksi.