Upinde wa kuwindia siku ya dhiki: yasemwayo barazani na ukweli wake

Nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni nimetundika gunia lililoshindiliwa makumbi ya nazi. Ndilo ninalolilenga jioni jua likishapoa, na ndilo linalowavuta vijana wa mtaa. Swali lao siku hizi ni moja: "Amu, nikitaka upinde wa kuwindia, wa kujiokoa siku mambo yakiharibika, nichukue upi?" Wengi huwa wamekwisha kuokota jibu kwenye video, na majibu hayo ndiyo yanayonitia hofu. Upinde uliochaguliwa vibaya humuumiza mwenyewe bega, na mnyama huenda akafa taratibu kichakani bila kumfaa mtu.

"Upinde si bunduki, kwa hivyo sheria haiuhusu."

Naanza na hili kwa sababu laweza kumtia mtoto wa watu jela. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 imetaja hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani kuwa kosa. Mshale nao haukuachwa nje ya sheria hiyo. Digidigi wa vichaka vya Kwale haguswi, wala paa wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Ninayoyaeleza hapa ni ya mtu anayejifunza shabaha, au atakayesafiri kwenda nchi inayotoa kibali cha kuwinda kwa upinde.

"Upinde mzito ndio upinde."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Hutajwa Waata, wale walioitwa Waliangulu, wa nyika ya Tsavo. Ni kweli: pinde zao za ndovu zilivuta zaidi ya paundi 100, yaani nguvu ya kuuvuta upinde hadi mwisho, si uzito wake kwenye mizani. Lakini Mwaata alianza kushika upinde angali mtoto, na upinde ukaongezeka uzito kadiri mwili wake ulivyokua. Tena kilichomwangusha ndovu ni sumu ya mti wa msunguti iliyopakwa nyuma ya kigumba, ile ncha ya mshale, sumu inayosimamisha moyo. Nguvu ya upinde kazi yake ilikuwa kuifikisha ndani, kupita ngozi nene kama ile. Wewe huna ndovu wa kumpiga wala sumu ya kumpigia, basi paundi 100 ni za nini?

Mtazame mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa kabila la Wayahi, wenyeji wa asili wa California huko Marekani, aliyetoka porini mwaka 1911. Upinde wake wa kuwindia ulikuwa wa paundi arobaini na kitu tu, na ulimpatia nyama ya kulungu wa huko. Alimkaribia mnyama mno kabla ya kuachia mshale. Wawindaji wa leo pia hukubaliana kwamba paundi 40 hadi 50 zinatosha kwa mnyama wa ukubwa huo.

Paundi 45 ni kama kilo 20, na paundi 70 ni karibu kilo 32. Zivute kwa vidole vitatu huku umechuchumaa nyuma ya kichaka, bila kutikisa bega, kisha uzishike mpaka mnyama ageuke. Sasa fikiria umelala na njaa siku mbili. Kipimo changu ni hiki: keti chini, vuta polepole bila kuuelekeza upinde juu, hesabu hadi kumi, kisha urudishe ugwe, yaani kamba ya upinde, taratibu. Mkono ukitetemeka, upinde huo si wako bado. Anayeanza namshauri paundi 25 au 30, apande tano tano. Na ajue kuwa uzito ulioandikwa kwenye upinde kwa kawaida umepimwa ugwe ukivutwa nyuma hadi inchi 28. Mwenye mikono mifupi hupata pungufu ya hapo, paundi mbili au tatu kwa kila inchi.

"Upinde wa makapi ndio wa kisasa, basi ndio bora."

Mtu wa jahazi hahitaji kufundishwa kazi ya kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba; upinde huu unacho kimoja kila ncha. Holless Wilbur Allen, Mmarekani wa Missouri, alipata hataza ya upinde wa namna hii mwaka 1969, na kwa haki kabisa ni kifaa kizuri: ukishauvuta hadi mwisho, uzito wa paundi 60 unaweza kushuka hadi 12 mkononi, nawe ukalenga bila kuhangaika. Kwa mwindaji mwenye kibali, mwenye gari na fundi karibu, sina neno. Ila kwa dhiki nausema vibaya. Wangu kamba iliruka kwenye gurudumu jioni moja, na kuirudisha kunahitaji mashine ya kubana mikono ya upinde, yaani vile vipande viwili vinavyopinda juu na chini ya kishikio. Nilikaa wiki tatu nikiutazama tu. Chumvi ya hewa ya Mombasa nayo haikusubiri: skrubu zilishika kutu.

Ndiyo maana upinde ninaowaonyesha vijana ni ule wa vipande vitatu, ncha zake zimepinda kwenda mbele. Unafunguka ukaingia mkobani. Ugwe wake unavishwa kwa kamba ya kukanyaga mguuni, na ugwe wa akiba ni mwepesi kuliko leso. Ukipata nguvu hununui upinde mwingine, unabadilisha mikono tu.

"Mshale ni mshale."

Laiti ningekuwa na sauti ya kulisema hili mtaa mzima! Mshale ukiachiwa hujipinda kama nyoka unapopita ubavuni mwa kishikio, kisha hunyooka. Uti wake, ambao wazee huuita wano, ukiwa laini kupita kiasi kwa upinde wako, au mgumu kupita kiasi, hautanyooka kwa wakati, na kigumba kitamfikia mnyama kwa upande. Uzito nao una hesabu yake: kwa upinde wa paundi 45, mshale mzima wa gramu 29 hivi unakaa vizuri. Mwepesi sana huenda mbio lakini haupenyi, na unautikisa upinde mpaka unaweza kupasuka. Halafu makali. Risasi huponda, mshale hukata. Mnyama huanguka kwa kuvuja damu. Kigumba kisichonyoa nywele za mkono kirudishwe kwenye jiwe la kunolea. Mwenye shilingi chache azipeleke kwenye mishale kabla ya upinde.

"Upinde hauna sauti."

Unayo, na mnyama anaisikia. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, mshale wa upinde wa kawaida mita 55 hivi. Kwa umbali wa mita 20 mlio wa ugwe humfikia mnyama mshale ukiwa bado na theluthi ya sekunde njiani, na katika muda huo paa amekwisha kujikunja kuruka. Kipande cha sufi kwenye ugwe hupunguza mlio. Kusogea karibu hupunguza zaidi.

Wapo wanaosema tawi lolote lafaa kutengeneza upinde. Halifai. Tawi bichi hubaki limepinda baada ya kuvutwa. Mti wa jamii ya mkone uliokaushwa kivulini ndio unaostahimili. Wapo pia wanaouacha upinde ndani ya gari juani pale Likoni, gundi ikalegea. Na wapo wanaovuta ugwe mtupu na kuuachia ili wasikie mlio. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale hurudi kwenye mbao, na mikono hupasuka.

Kuhusu njaa yenyewe, mtu wa pwani akikwama kweli, mshipi na dema vitamlisha kabla upinde haujatoka mkobani. Mtego hufanya kazi wewe umelala; upinde hukutaka uwe macho, mwenye nguvu, na karibu.

Kijana wa mwisho kuniuliza alikuja na picha ya upinde wa paundi 70. Nilimpa wangu wa 28. Nimechora duara la kisahani cha chai kwenye gunia, na tumekubaliana asirudi nyuma hatua hata moja mpaka mishale tisa kati ya kumi iingie humo. Yuko hatua kumi na mbili, jana aliingiza sita.