Je, wajua kwa nini Kikorea kina "kwaheri" mbili?

Mgeni anaingia katika duka dogo jijini Seoul, ananunua chupa ya maji, analipa, na anapofika mlangoni anamsikia mwuzaji akimwambia "annyeonghi gaseyo". Kwa kuwa amelelewa vyema na hapendi kuondoka kimya, naye anayarudisha maneno yaleyale kama alivyoyasikia. Mwuzaji anatabasamu, kwa sababu mteja amemtakia safari njema ilhali yeye ndiye anayebaki na duka lake. Jibu lililotakiwa lilikuwa "annyeonghi gyeseyo".

Vitabu vingi vya misemo ya wasafiri huyatafsiri maneno hayo mawili kwa neno moja la Kiingereza, kisha humwachia msomaji kazi ya kukariri lipi ni la nani. Anayejua Kiswahili ana njia fupi zaidi. "Annyeong" ni neno ambalo Kikorea kilichukua kutoka Kichina, na maana yake ni amani, usalama na utulivu wa mtu. Likiongezwa "-hi" mwishoni huwa kielezi, yaani "kwa amani", na ukitaka kulifasiri bila kupoteza chochote utapata "kwa heri", ambayo nayo imejengwa juu ya neno la kukopa, kwani heri tuliipata kutoka Kiarabu. Tofauti ni kwamba sisi tuliliunganisha neno letu na kukiacha kitenzi nje, na Wakorea wakakibakiza. "Ga-" ni mzizi wa kwenda, na "gyesi-" ni mzizi wa kuwapo au kukaa unapomtaja mtu unayemstahi. Kwa hiyo anayebaki humwambia anayeondoka "nenda kwa heri", na anayeondoka humwambia anayebaki "kaa kwa heri". Wakiachana njiani, kila mmoja akishika njia yake, wote wawili husema "gaseyo". Kiswahili huliangalia jambo jingine, yaani idadi ya wanaoagwa, ndiyo maana tuna "kwaherini".

Kipande cha "-seyo" kinachojitokeza katika misemo hii yote kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndicho kinachobeba adabu. Ndani yake mna kiambishi cha heshima "-si-", kinachomkweza mtu anayesemwa, na mna "-yo" ya mwisho, inayomheshimu anayesikiliza. "Annyeonghaseyo", salamu ya kwanza anayojifunza kila mgeni, kwa asili ni swali: u salama? Hujibiwa kwa neno hilohilo, wala hakuna anayesubiri kuelezwa habari za homa au za watoto. Ukiikata na kubakiza "annyeong" peke yake, utakuwa umeingia katika lugha ya marafiki na wadogo, inayoitwa "banmal", na kumwamkia hivyo mzee usiyemfahamu ni sawa na kumpokea bibi wa mwenzako kwa "mambo vipi". Ndiyo sababu Wakorea wengi huulizana umri mapema sana. Hawachimbi siri za mtu, bali wanatafuta namna ya kusema naye, kama kijana wa Tanga anavyompima mtu kwa jicho kabla ya kuamua kama atatoa shikamoo. Hesabu yenyewe ya umri ilikuwa na utata wake: kwa desturi mtoto alihesabiwa ana mwaka mmoja anapozaliwa na kuongezewa mwingine kila tarehe 1 Januari, hadi sheria iliyoanza kutumika Korea Kusini Juni 2023 ilipoweka hesabu ya kuanzia siku ya kuzaliwa katika mambo ya kiserikali.

Baada ya salamu, neno lenye faida kubwa kuliko yote kwa msafiri ni "juseyo", yaani "naomba unipe". Kitenzi katika Kikorea hukaa mwisho wa sentensi, hivyo unataja kitu kwanza kisha unamalizia nalo: "mul juseyo" kwa maji, "igeo juseyo" kwa kitu chochote unachokinyooshea kidole katika orodha ya vyakula. Kumwita mhudumu hutumika "yeogiyo", ambayo maana yake ni "hapa" tu, ikiongezewa ile "-yo" ya adabu, na huitwa kwa sauti bila aibu. Wenyeji huweza pia kumwita mama anayewapakulia "imo", yaani mama mdogo au mama mkubwa upande wa mama, jambo lisiloweza kumshangaza mtu aliyezoea kula kwa mama ntilie. Hata hivyo ningemshauri mgeni abaki na "yeogiyo", kwa maana majina ya ukoo yana miiba yake: "ajumma", jina la mwanamke wa makamo, huweza kumuudhi asiyejiona amefikia umri huo.

Matamshi ndiyo yanayotaka subira. Kikorea hutofautisha sauti tatu mahali ambapo sikio letu husikia mbili au moja: "bul" ni moto, "pul", yenye pumzi inayotoka mdomoni, ni majani, na "ppul", inayobanwa bila pumzi, ni pembe. Wazee wa Mombasa na Unguja wana mwanzo mzuri hapa, kwa sababu katika matamshi yao paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, ingawa maandishi yetu ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo. Herufi za Kilatini hazisaidii sana. "Eo" katika "annyeong" si irabu mbili, ni moja iliyo karibu na o, ila midomo haiviringwi. Kwa sababu hiyo ni afadhali kutumia siku chache kujifunza Hangul, mwandiko uliobuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446, ambao leo una konsonanti 14 na irabu 10 za msingi.

Bei huulizwa kwa "eolmayeyo?", na ugumu huanza jibu linapokuja. Wakorea hupanga fedha kwa makumi ya maelfu, kila elfu kumi ikiitwa "man", kwa hiyo noti yao kubwa kuliko zote, ya won 50,000, ni "oman won", man tano. Kwa saa tahadhari ni nyingine: "se si" ni saa yenye namba tatu, lakini Wakorea huanza kuhesabu usiku wa manane au adhuhuri, si kuanzia mapambazuko, hivyo "se si" ya mchana ni saa tisa yetu ya alasiri.

Kuna mahali ambapo Mswahili hahitaji kujifunza lolote. Ukiona mchuzi mwekundu na kuuliza "an maewoyo?", yaani "si mkali?", mhudumu akajibu "ne", amekubaliana na ulichosema: ndiyo, si mkali. Mzungumzaji wa Kiingereza huweza kuelewa kinyume na kukisukuma chakula kando. Anayejibu "Hujala?" kwa "Ndiyo, sijala" anaelewa papo hapo.

Vivyo hivyo, ipo kauli ambayo watunga vitabu hutaabika kuifasiri, na sisi tunayo tangu zamani. Mkorea anapomwona mtu aliyemaliza shughuli humwambia "sugohasyeosseoyo", na fasiri yake ni "pole na kazi". Abiria anaposhuka teksi, au mteja anapotoka dukani, husema "sugohaseyo", kazi njema, badala ya "annyeonghi gyeseyo", na mwuzaji yule wa mwanzo angeipokea kwa furaha. Kwa mkubwa wako wa kazini, au kwa mzee uliyekwenda kumtembelea nyumbani, wenye kuchunga adabu ya lugha huiepuka, kwa kuwa wanaona si kazi ya mdogo kumpongeza mkubwa kwa jasho lake. Hapo rudi kwenye "annyeonghi gyeseyo", uinamishe kichwa kidogo, ndipo utoke.