Sakafu ya moto ama hitipampu? Uongo unaozunguka kwa mijengo ya Nairobi

Julai ikishika Nairobi kila mtu anakumbuka nyumba yake ni friza, na wale wako kwa mjengo Ngong, Ruaka, Limuru, wanaanza kuulizana kama waweke sakafu ya moto ama hitipampu. Majibu wanayopewa mengine ni ukweli, mengine ni maneno ya mtu anataka kuuza mali iliyojaa stoo yake. Wacha tuyapitie.

Ati lazima uchague moja

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Sakafu ya moto ni njia ya kusambaza joto ndani ya nyumba, hitipampu ni mashine ya kulileta. Kuuliza uchukue gani ni kama kuuliza ununue jiko ama sufuria. Sakafu zenyewe ziko aina mbili: kuna ya nyaya za stima zinazolazwa chini ya taili, na kuna ya mabomba ya maji moto yanayozikwa kwa skridi, ile simiti inayomwagwa juu ya slabu. Hiyo ya mabomba haijipashi, inahitaji kitu cha kuchemsha maji, inaweza kuwa boila ya gesi ama hitipampu, na kusema ukweli ikipata hitipampu imepata mwenzake, juu sakafu inataka maji ya kama digrii 35 hivi na hitipampu inafanya kazi rahisi sana ikiwa haijaambiwa ifike 60 ama 70.

Kwa hivyo wanaobishana huwa wanamaanisha nyaya dhidi ya hitipampu, na hapo sasa kuna hesabu. Nyaya zinakula yuniti moja ya stima zinakupa yuniti moja ya joto, basi, hakuna ujanja. Hitipampu ikila yuniti moja inakupa kama tatu hivi ama hata zaidi, na si uchawi, ni vile haitengenezi joto, inalihamisha kutoka kwa hewa ya nje. Weka mkono nyuma ya friji yako uone, lile joto limetolewa kwa chakula likatupwa nje, hitipampu ni mashine ileile imegeuzwa kazi.

Piga hesabu ya sebule ya mita 20 za mraba na nyaya za wati 100 kwa kila mita: hiyo ni kilowati 2, ukiwasha masaa matano jioni umemaliza yuniti 10. Siku kumi, yuniti 100, na hujapika, hujapiga pasi, na matumizi yako yakizoea kupita 100 kwa mwezi Kenya Power wanakuhamisha kwa bei ya juu. Tokeni zitaisha ukiangalia.

Ati hitipampu haiwezi baridi

Norway, nchi ya theluji, zaidi ya nusu ya nyumba ziko nazo. Baridi kali inapunguza nguvu yake, hiyo ni kweli, lakini usiku wa Julai Nairobi kawaida ni digrii 11 ama 12 hivi, ikishuka chini ya 10 watu wanaongea wiki mzima. Kwa hitipampu hiyo ni hali ya hewa ya likizo.

Ati ukifika nyumbani unawasha sakafu, dakika kumi miguu iko sawa

Hii ndio ningeomba kila mtu anayejenga aisome mara mbili. Sakafu ya mabomba iko ndani ya simiti, na simiti nzito inachukua masaa kupata joto na masaa kulipoteza. Huko Ulaya haina shida kwa sababu baridi ni ya miezi, inawashwa ikaachwa. Baridi yetu si hivyo. Asubuhi unatetemeka, saa saba mchana jua likitoboa mawingu unavua sweta, saa mbili usiku umerudi kwa blanketi. Sasa ukiwasha saa kumi na mbili jioni joto linaweza kukufikia ukiwa umeshalala, na ukiacha iwake mchana kutwa unapashia nani na uko kazini na watoto wako shule? Za nyaya zikiwa juujuu chini ya taili zinashika haraka kidogo, ndio maana kwa bafu ndogo mimi sina ubishi nazo. Lakini nyumba nzima? Hapana.

Kwa baridi ya jioni mbili tatu kwa wiki, AC ya ukutani inayopasha joto pia inatosha kabisa, nayo ni hitipampu tu, chumba kinabadilika upesi. Uliza tu vizuri dukani, kwa sababu nyingi zinazouzwa hapa ni za kupoza pekee, na neno inverta kwa boksi halimaanishi inapasha joto.

Ati Olkaria iko karibu, chini kuna joto la bure

Mvuke wa Olkaria unatoka kwa visima virefu sana, na Oserian, shamba la maua kule Naivasha, wamepashia nyumba za kuoteshea maua kwa joto la namna hiyo. Ploti yako Syokimau haina hiyo. Hitipampu ya ardhini inachukua ule udongo wa kawaida tu, haihitaji volkano, lakini kuchimba ni gharama na hewa yetu haina baridi ya kukulazimisha. Pita.

Ati sakafu itachoma mtoto na kupasua taili

Ikiwekwa vizuri juu ya sakafu haifai kupita digrii 29 hivi, ni chini ya joto la mwili. Taili ndio kifuniko kizuri kabisa, kapeti nene ndio inaziba joto.

Ati nyumba ya mawe inajishikia joto

Angalia juu ya madirisha yako, zile venti ziko wazi usiku na mchana. Ongeza mlango unaopitisha vidole chini, kioo kimoja, mabati bila silingi, na unataka kununua mashine ya kuipashia Ngong Road joto huko nje? Anza hapo. Halafu, mwezi wa Juni na Julai jua letu liko kaskazini, kwa hivyo sebule yenye madirisha makubwa upande wa kaskazini inapata jua wakati unalihitaji, na hiyo ni bure kama bado uko kwa ramani. Venti za jikoni kwenye gesi usizibe. Na jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala hata dakika moja, ule moshi usioonekana wala kunusika unaua watu kila msimu wa baridi.

Ati hizi ni mambo za matajiri tu

Sakafu nzima, labda. Lakini hitipampu ya maji ya kuoga ndio mimi ningenunua kwanza, kabla ya kupasha chumba chochote. Shawa ya instanti inavuta kilowati kama 5 kila mtu akiingia, na familia ya watu sita asubuhi ni foleni. Hitipampu inavuta kama kilowati moja, polepole, inajaza tanki. Sola ni nzuri pia, ila Julai mawingu yanaikalia wiki nzima, wakati hitipampu haijali mawingu. Stima ikipotea shawa na hitipampu zote zinalala, tofauti ni tanki iliyovikwa vizuri bado iko na maji moto kesho yake. Weka kinga ya voltiji, kompresa, ule moyo wa hitipampu, ikiungua hiyo si pesa ya kucheza nayo.

Kama bado hujamwaga slabu na moyo wako umekwama kwa sakafu ya mabomba, mwambie fundi alaze stairofomu chini kwanza la sivyo utapashia mchanga, ajaze maji na apime presha kabla skridi haijamwagwa, na upige picha za kila bomba limepita wapi, kwa sababu siku moja mtu atakuja kutoboa kuweka choo.