GPS ya boti inapodanganywa: dalili na kinga kwa manahodha wa Tanga

Mawimbi ya GPS hutoka kwenye setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 hivi. Yakifika kwenye antena ya boti yamedhoofika mno, hata yako chini ya kelele ya kawaida ya redio. Ndiyo maana kifaa cha wati chache tu kikirusha kelele kwenye masafa ya 1575.42 MHz huweza kuziba mapokezi ya eneo kubwa.

Kuziba huonekana. Fungua ukurasa wa setilaiti kwenye mashine ya GPS: siku ya kawaida zilizo juu ya kichwa husoma 40 hadi 50 dB-Hz (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele), zilizo karibu na upeo husoma chini ya hapo. Zikiporomoka zote kwa mpigo, shuku kelele. Kagua pia kiungio cha waya wa antena. Chumvi ikiingia humo nguvu hushuka vilevile, ila polepole, na hairudi hata ukihama eneo.

Ninachokihofia zaidi ni kughushi. Mshambuliaji hurusha mawimbi yanayofanana na ya setilaiti, yenye nguvu kuzidi kidogo ya kweli, kisha huivuta mashine taratibu hadi ionyeshe mahali pasipo pa kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, kwa idhini ya wenyewe, waliipotosha hivyo yoti White Rose of Drachs katika Mediterania. Chombo kiligeuka, skrini ikaonyesha njia iliyonyooka, na hakuna king'ora kilicholia. Dalili zake: setilaiti zote kusoma nguvu inayolingana, saa ya mashine kuruka, au mwelekeo wa skrini kupishana na dira bila mkondo wala upepo wa kueleza tofauti hiyo.

Washa pamoja na GPS mifumo mingine ya setilaiti: Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China. Tangu Julai 2025 Galileo hutoa rasmi OSNMA, huduma inayothibitisha kwamba data imetoka kwao kweli. Lakini mashine yako lazima iwe inaisoma, na haizuii kuzibwa.

Kinga kubwa ni shahidi asiyetegemea setilaiti. Ukivuka kutoka Pemba, kipima kina hakikusaidii katikati ya mlango wa bahari, maji ni marefu mno. Hapo andika mahali ulipo kila dakika 15: kwa mwendo wa maili 8 za baharini kwa saa, umekwenda maili 2. Ongeza msukumo wa mkondo kuelekea kaskazini, ambao wakati wa kusi huwa mkali. Ukikaribia Tanga, pima kwa dira ya mkono mnara wa taa wa Ulenge na Ras Kazone, kisha chora mistari miwili kwenye ramani. Ikikutana kwa pembe iliyo chini ya digrii 30, kosa dogo la kusoma dira hukupeleka mbali. Subiri pembe ipanuke.

Skrini ikidai uko kwenye mita 40 na kipima kina kinasoma 9, amini kina. Punguza mwendo, ondoa usukani wa kujiendesha, andika saa na mahali, na uwajulishe wenzako kwa redio ya VHF chaneli 16 ili walio nyuma yako wasiifuate skrini hadi kwenye mwamba.