Mzee asipoijua tena harufu ya karafuu

Msimu wa karafuu hapa Pemba, harufu yake hutawala kila pahala, kuanzia majamvini zinapoanikwa mpaka ndani ya gari za abiria. Mzee aliyekulia katika mikarafuu akinusishwa karafuu asiweze kusema ni kitu gani, wenyewe nyumbani husema, "Uzee tu huo." Sisi tunaohudumia wazee tunakuombeni msilipuuze.

Neva za kunusa zinaanzia juu puani na kuingia ubongoni, jirani na sehemu zinazotunza kumbukumbu. Sehemu hizo ni miongoni mwa za mwanzo kuharibiwa na Alzheimer, maradhi yanayoongoza kwa kuleta dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Ndiyo maana pua inaweza kudhoofika miaka kadhaa kabla mtu hajaanza kusahau majina ya wajukuu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwahusisha watu karibu 3,000 wa umri wa miaka 57 hadi 85, wakanusishwa harufu tano. Waliotambua chini ya nne walikuwa katika hatari zaidi ya mara mbili ya kupata dimensia ndani ya miaka mitano.

Hata hivyo, wengi wanaopotewa na harufu hawana dimensia. Mafua, vinyama vya puani, sigara, korona, kuumia kichwa, na umri wenyewe, vyote huiondoa. Anzeni kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Linalotutia hofu zaidi ni dalili zikifuatana. Mama aliyekuwa akilijua tui lililochacha kabla hajalionja, sasa analimimina mchuzini. Wali unaungua naye yupo pale pale jikoni. Kisha anauliza, "Chumvi nishatia?" Anajibiwa, na baada ya muda mfupi anauliza tena.

Nyumbani mnaweza kumjaribu kwa kahawa, ndimu, mdalasini na karafuu, moja moja, macho kafumba. Msitumie pilipili wala dawa ya kuchua, maana ule mwasho hupita neva nyingine. Akishindwa, hiyo si hukumu, ni sababu ya kumpeleka hospitali. Huko apimwe presha, sukari na damu: usahaulifu mwengine unatokana na tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona au dawa anazotumia, na huo hutibika.

Na kama anapikia gesi, asiachwe jikoni peke yake. Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe, hutiwa makusudi ili ikivuja ijulikane, naye hatoisikia.