Gauni la pateni: mengi huharibika kabla ya cherehani kuguswa

Gauni likiwakaa vibaya, wengi husingizia mkono wao au cherehani. Kwa gauni jepesi la pateni (karatasi zenye michoro ya vipande vya kukata), la kuvaa kazini na hata kwenye sherehe, kosa kwa kawaida limeshafanyika zamani: kwenye futi, kwenye beseni la kufulia au kwenye meza ya kukatia. Hizi hapa kauli za washonaji, na majibu yangu.

"Ninavaa namba 12 dukani, basi nakata namba 12 ya pateni."

Hapana. Kila kampuni ya nguo hupanga namba zake, na watengenezaji wa pateni nao wana jedwali lao la vipimo. Jipime kifua, kiuno na nyonga, ukiwa na sidiria utakayovalia gauni hilo, ndipo utafute namba yako kwenye jedwali. Kifua kikiangukia namba moja na nyonga nyingine, usihangaike. Pateni nyingi huchapwa saizi kadhaa kwenye karatasi moja, kwa hiyo chora mstari mlaini unaohama kutoka saizi hii hadi ile pale kiunoni. Angalia pia vipimo vya gauni likishakamilika: kitambaa kisichonyumbuka huhitaji sentimita 5 hadi 10 za ziada kifuani ili upumue na kuinua mikono. Gauni langu la kwanza nililikata kwa namba ya dukani, likagoma mabegani. Kitambaa kile nilikipenda, na hadi leo kinaniuma.

"Nafasi ya mshono, kile kitambaa cha ziada nje ya mstari wa kushona, imeshawekwa kwenye pateni."

Inategemea. Pateni nyingi za Marekani huja na sentimita 1.5 ndani yake, ila zile za jarida la Burda la Ujerumani humwachia mshonaji aongeze mwenyewe. Mishono miwili ya ubavuni ina kingo nne. Ukisahau, umepoteza sentimita 6 za mzunguko. Soma maelezo kwanza, mkasi baadaye.

"Kitambaa kipya hakihitaji kufuliwa."

Tunakifua, ila si kwa sababu ya uchafu. Pamba hunywea, na asilimia 3 hadi 5 si jambo la ajabu, maana yake gauni la mita 1 linaweza kupungua sentimita 5 baada ya kulishona. Kifue na kukikausha vilevile utakavyofanya kwa gauni.

"Mshale ule kwenye kipande cha pateni ni mchoro tu, panga vipande popote vinapoenea."

Hapa ndipo ninapowasihi watu zaidi. Mshale unaonyesha mtande, yaani nyuzi za urefu zinazokwenda sambamba na ukingo wa kiwandani. Mtande hunyumbuka kidogo mno, mshindio, yaani nyuzi za upana, zaidi kidogo, na ukikata mshazari wa digrii 45 kitambaa hunyumbuka kweli kweli. Kipande kilichokatwa kombo hakijifichui siku ya kwanza. Baada ya kufuliwa mara kadhaa ndipo mshono wa ubavuni unapoanza kuhamia mbele, na gauni linajipinda mwilini, wala hakuna pasi itakayolinyoosha. Pima kutoka ncha zote mbili za mshale hadi ukingoni. Vipimo visipolingana, sogeza karatasi, hata kama itakugharimu kitambaa zaidi.

Shingo nayo imekatwa kwa mviringo, kwa hiyo sehemu yake iko mshazari na hulegea kwa kushikwa tu. Ipitishe mshono mmoja wa kuizuia, ndani kidogo ya nafasi ya mshono, kabla ya kuunganisha kitu chochote.

"Pasi ni ya mwisho."

Kila mshono upigwe pasi kabla haujakutana na mwingine. Shindilia, nyanyua, shindilia. Ukiburuta pasi unavuta kitambaa.

"Bila ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, ndani kutafumuka."

Mshono wa zigizaga wa cherehani ya kawaida unatosha.

"Kushona gauni la jaribio kwanza ni kupoteza muda."

Shuka kuukuu linafaa kabisa, bila zipu wala kupinda pindo. Livae, kaa kitini, inua mikono, jifunge kamba za viatu. Linapobana kwapani au kuvuta mgongoni, weka alama kwa kalamu palepale, kisha lifumue na uhamishie alama hizo kwenye karatasi ya pateni.